Uwilugha wa Upande Mmoja: Kikazaki na Kirusi nchini Kazakhstan

Wataalamu wa isimujamii hutofautisha uwilugha linganifu, ambapo wasemaji wa kila lugha hujifunza lugha ya wenzao, na uwilugha wa upande mmoja, ambapo mzigo wote wa kujifunza hubebwa na kundi moja tu. Kazakhstan ya enzi za Kisovieti ni mfano ulio wazi wa aina hii ya pili: Mkazaki wa mjini alihitaji Kirusi ili asome chuo kikuu, apande cheo na hata ahudumiwe dukani, ilhali jirani yake Mrusi aliweza kuzaliwa, kuzeeka na kuzikwa papo hapo bila kuhitaji sentensi moja ya Kikazaki.

Hali hiyo haikujileta yenyewe. Njaa ya 1930 hadi 1933, iliyofuata wafugaji kulazimishwa kuacha kuhamahama na kunyang'anywa mifugo, iliua watu wapatao milioni 1.5, wengi wao Wakazaki. Mwaka 1938 Kirusi kikafanywa somo la lazima shuleni. Na kuanzia 1954 walowezi wakamiminika kulima nyika za kaskazini. Sensa ya 1989 iliwakuta Wakazaki wakiwa takriban asilimia 40 ya wakazi wa nchi yao, na Warusi karibu asilimia 38. Mkazaki asiyekimudu Kikazaki huitwa *shala qazaq*, yaani Mkazaki nusunusu, jina linalomtwisha mtu binafsi aibu ya jambo lililoamuliwa na dola kabla hajazaliwa.

Sheria ya Septemba 1989 ilikitangaza Kikazaki kuwa lugha ya dola, na Katiba ya 1995 ikashikilia hilo huku ikiruhusu Kirusi kitumike rasmi sawa na Kikazaki katika vyombo vya serikali. Kwa vitendo, kwa miaka mingi nyaraka ziliandikwa kwanza kwa Kirusi, kisha zikatafsiriwa, hata Kikazaki kikawa lugha rasmi ambayo ofisi nyingi hazikufikiria kwayo. Vilevile, sheria ya 1997 ilipotaka muda wa matangazo ya Kikazaki usipungue ule wa lugha nyingine, baadhi ya vituo viliitii kwa kurusha vipindi hivyo usiku wa manane, na hapo ndipo tofauti kati ya hadhi ya lugha na matumizi yake inapoonekana bila hata kuhitaji nadharia.

Suala la hati, yaani mfumo wa herufi, limezidisha ugumu. Kikazaki kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu hadi 1929, kwa Kilatini hadi 1940, kisha kwa Kisirili, alfabeti ya Kirusi iliyoongezewa herufi 9 za sauti za Kikazaki na kufikia 42. Kwenye kibodi ya kompyuta herufi hizo 9 zimebanwa katika safu ya juu, mahali pa tarakimu, na si ajabu kumkuta mwandishi mwenye haraka akiandika Kikazaki kwa herufi za Kirusi tupu. Mwaka 2017 Rais Nazarbayev aliagiza kurejea kwa Kilatini, akaidhinisha alfabeti iliyojaa ritifaa, yaani alama ya ('): neno lenye maana ya tunda la cheri, ambalo kwa Kisirili lina herufi tatu tu, likawa *s'i'e*. Watu walicheka, wanaisimu wakapinga, na mwaka uliofuata ritifaa zikaondolewa. Tangu hapo alfabeti imeendelea kurekebishwa na tarehe ya kuhama kusogezwa mbele.

Pengine kilichobadilisha mambo kuliko amri zote hizo ni idadi ya watu. Mamilioni ya Warusi na Wajerumani walihama baada ya 1991, na kufikia sensa ya 2021 Wakazaki walikuwa takriban asilimia 70, huku watoto wengi wakisomeshwa kwa Kikazaki. Mwishoni mwa mwaka huohuo sheria ilirekebishwa ili kibao cha dukani kiandikwe kwa Kikazaki, na Kirusi kiongezwe pale tu kinapohitajika.