Mistral (fonti)

Mistral ni fonti ya mwandiko wa brashi iliyobuniwa na msanifu Mfaransa Roger Excoffon (1910–1983). Ilitolewa mwaka 1953 na Fonderie Olive, kiwanda cha kutengeneza herufi za chapa kilichokuwa mjini Marseille. Jina lake ni la upepo mkali wa baridi unaovuma kutoka kaskazini kupitia bonde la mto Rhône hadi pwani ya Mediteranea.

Excoffon alichukua mwandiko wake mwenyewe kuwa kielelezo. Kingo za herufi zimeachwa zikiwa na mikwaruzo, kama alama ya brashi iliyopita haraka juu ya karatasi, na vimo vyake havilingani.

Ugumu wa kazi hii ulikuwa katika kuunganisha herufi. Wakati huo wapiga chapa walipanga maneno kwa herufi za risasi, kila moja ikiwa juu ya kipande chake. Anayeandika kwa mkono huibadilisha herufi kufuatana na jirani yake: *a* inayofuata *b* haianzi sawa na *a* inayofuata *n*. Mwalimu yeyote aliyesahihisha madaftari anajua kwamba hata mwanafunzi mmoja haandiki *a* mbili zinazofanana kabisa. Kipande cha risasi hakibadiliki. Kwa hiyo mstari wa kila herufi ndogo ulipaswa kufika ukingoni mwa kipande, tena kwa kimo ambacho herufi inayofuata, iwe ipi, ingeweza kuupokea. Kimo kikikosewa kidogo tu, neno linaonekana limekatika. Mistral ilifaulu hapo, na ukiisoma haraka unaweza kudhani mtu ameandika kwa mkono.

Fonti hii ni ya maandishi makubwa: mabango, vibao vya maduka, majalada na majina ya bidhaa. Katika aya ndefu zenye herufi ndogondogo humchosha msomaji. Kosa la kawaida zaidi ni kuandika neno zima kwa herufi kubwa. Hizo zilichorwa kutangulia herufi ndogo, na zikipangwa peke yake mwandiko hupoteza mwendo wake. Kiswahili hakina herufi zenye alama za juu, hivyo huandikika vizuri kwa Mistral, isipokuwa alama ya *ng'* katika neno kama *ng'ombe* hukata mnyororo wa herufi.

Baadaye Mistral iliingizwa katika kompyuta na kusambazwa pamoja na programu za Microsoft Office, ndiyo maana inaonekana hata kwenye kadi za mialiko. Jina la filamu ya Marekani *Drive* (2011) liliandikwa kwa Mistral ya rangi ya waridi.

Excoffon alibuni pia Banco (1951), Antique Olive na Choc (1955). Choc nayo ni ya brashi, lakini ni nene zaidi na herufi zake hazishikani.