Majina ya Safuwima na Ukomo wa Herufi

Katika kirai nomino cha Kiswahili, nomino hutangulia na vifafanuzi, kwa kawaida, hufuata. Utaratibu huo huzua tatizo pale jedwali la takwimu za lugha, lenye mamia ya safuwima, linapohamishwa kutoka programu moja hadi nyingine. Faili za dBASE hupokea majina yasiyozidi herufi 10, kistari kikiwamo. Hivyo, “kiambishi_nafsi” na “kiambishi_njeo” yote mawili hubaki “kiambishi_”. Programu yaweza kuyapambanua kwa tarakimu, lakini maana imekwisha kupotea. Mtafiti aweza kuhesabu njeo akidhani anahesabu nafsi. Yafaa basi kipambanuzi kitangulie: “njeo_kiambishi” likikatwa huwa “njeo_kiamb”, na njeo ingali yasomeka. Orodha ya majina kamili nayo iandamane na faili daima.