Mdudu wa Mnazi na Ua la Usambara: Kipi Adimu?

Mkulima wa Kimbiji aamkapo na kukuta vidaka vimetapakaa chini ya mnazi, aghalabu huulaumu upepo wa bahari. Lakini akiokota kidaka kimoja na kukichunguza, huenda akaona mabaka meusi yaliyodidimia. Hiyo si kazi ya upepo. Ni alama ya mdomo wa mdudu wa rangi ya kahawia aitwaye na wataalamu Pseudotheraptus wayi, kwa heshima ya Bwana M. J. Way, aliyemchunguza huko Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Mdudu huyu hutoboa kidaka, hutia mate yenye sumu, kisha hufyonza. Nzige hutisha kwa wingi wao. Hawa, wawili watatu tu katika mnazi mmoja watosha kuharibu mavuno. Mtu aweza kuutazama mnazi kutwa asimwone hata mmoja.

Tumlinganishe na ua ambalo Wajerumani huliita kwa jina la Usambara. Hermann Wendland alilipa jina la Saintpaulia ionantha mwaka 1893, baada ya Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, kupeleka mbegu kwao. Leo limo vyunguni Ulaya na Marekani kwa mamilioni, maana jani moja likipandwa huota mmea mpya. (Nilipokuwa masomoni ng'ambo, mwenye nyumba wangu alikuwa na vyungu sita, wala hakujua asili yake ni Tanga.) Lakini kwao penyewe, katika miamba yenye kivuli na unyevu, ua hili ni adimu. Miti ikikatwa, jua huukausha mwamba, nalo hufa.

Basi kuhesabu peke yake hakutoshi. Mdudu ni mchache mtini, lakini akikosa mnazi atafyonza korosho au embe. Ua ni jingi duniani, ila makao yake ya asili hayana badala.

Mdudu naye anaye adui: maji moto, wale chungu washonao majani kuwa viota. Way alionyesha kuwa minazi yenye maji moto wengi hupoteza vidaka vichache. Kwa bahati mbaya, sisimizi wa ardhini waitwao Pheidole megacephala huwafukuza maji moto mitini. Na wakwezi nao, kwa kuchoka kuumwa, huviunguza viota kwa moto, kisha msimu ufuatao huulaumu upepo.