Nyasi, Shimo na Kinyago: Dhima ya Mwanga na Giza katika Filamu ya Onibaba

Onibaba, filamu ya Kijapani iliyoongozwa na Kaneto Shindo mwaka 1964, huhesabiwa miongoni mwa filamu za kutisha ilhali ndani yake hamna mzuka hata mmoja. Chanzo cha hofu yake ni vita na njaa. Wakati huo rangi ilikuwa imekwisha kuenea katika sinema ya Japani. Mwaka huohuo Masaki Kobayashi alitoa Kwaidan, yenye visa vinne vya mizuka, kwa rangi. Hata kama ufinyu wa fedha ulichangia uamuzi wa Shindo, athari aliyoipata kwa nyeusi na nyeupe isingepatikana kwa njia nyingine.

Kisa kinatokea katika karne ya 14. Mama mkwe na mkaza mwana wake huwaua samurai waliopotelea katika nyasi za susuki, ambazo ni ndefu kuliko kimo cha mtu, wakawavua deraya na kuziuza ili wapate chakula. Maiti hutupwa shimoni. Mpigapicha Kiyomi Kuroda anazionesha nyasi hizo zikimetameta mchana kwa weupe unaoumiza macho, na humo ndimo mauaji yanamofanyika. Mazoea ya mtazamaji kwamba giza huficha na nuru hufichua yanavunjwa mapema: katika filamu hii mchana nao huficha.

Mwana aliyekwenda vitani anapofariki, mjane wake huanza kutoroka usiku kwenda kwa jirani. Mama mkwe, ambaye peke yake hawezi kuua wala kula, anavaa kinyago cha hannya alichomvua samurai ili amtishe. Katika tamthilia ya jadi ya Noh, kinyago kikiinuliwa kidogo huonekana kinafurahi, kikiinamishwa huonekana kinahuzunika. Kinachobadilika ni kivuli tu. Filamu inaitumia siri hiyo ya kale bila kuieleza.

Kinyago kinagandamana na uso. Kinapovunjwa kwa nyundo, ngozi iliyo chini yake imejaa vidonda. Shindo, mzaliwa wa Hiroshima aliyekwisha kutengeneza filamu kuhusu watoto wa mji huo mwaka 1952, alieleza kwamba vidonda hivyo vinaashiria waathirika wa bomu la atomiki. Kwa rangi, vingekuwa ugonjwa wa mwanamke mmoja. Bila rangi, nyama, mti na udongo hukaribiana kiasi kwamba uso ule unaweza kuwa wa yeyote. Kuroneko ya mwaka 1968, ambayo Shindo aliijaza mizuka halisi katika msitu wa mianzi, ina urembo mkubwa zaidi lakini haifikii uzito huu.

Mkaza mwana anakimbia akidhani anafukuzwa na pepo. Mama mkwe anamfuata akipiga kelele kwamba yeye ni binadamu. Analiruka shimo, na filamu inakatika angali hewani.