Fahamu: Kompyuta inavyofuata mwanga ndani ya nyumba ya Bagamoyo
Bagamoyo iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, hivyo jua hufika utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na Oktoba 10. Adhuhuri hizo, mwanga wa jua unaofika ndani ya nyumba za mawe za Mtaa wa India umekwisha kudunda: ardhini, ukutani kwenye chokaa, kisha darini.

Kompyuta inaweza kuiga safari hiyo. Radiance, programu ya kukokotoa mwanga iliyobuniwa na Greg Ward nchini Marekani, kwa kawaida hufuata miale kinyumenyume, kutoka jichoni kwenda kwenye jua. Penye kioo au bati linalong'aa, njia hiyo huelemewa. Ramani ya fotoni, yaani chembe za mwanga, iliyobuniwa na Henrik Wann Jensen miaka ya 1990 na kuingizwa katika Radiance na Roland Schregle, huanzia kwenye jua lenyewe na kurekodi kila fotoni ilipotua.

Amri ya pmapdump, iliyomo katika Radiance, hugeuza fotoni hizo kuwa vitone vinavyoonekana. Vikisongamana, hapo pana mwanga mwingi. Vikiwa haba, picha ya mwisho itakuwa na mabaka, na fotoni ziongezwe. Msanifu asiiruke hatua hii: ukuta mzima usio na kitone mara nyingi ni kosa la mchoro, pengine dirisha lililozibwa bila kukusudia.