Mlimani na watoto, mwendo ni wa aliye nyuma

Mwishoni mwa Septemba, milima ya White Mountains katika jimbo la New Hampshire, Marekani, hubadilika rangi. Mti wa mepo, ule ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada, huwa mwekundu kama pilipili iliyoiva. Kwa familia za Kikongo na Kirundi zinazoishi Manchester na Concord, ni mwendo wa saa moja na ushee hadi mbili kwa gari.

Njia inayowafaa watoto ni ile ya kwenda ziwa Lonesome, Franconia Notch. Haifiki kilomita 2 kwenda, na mnapanda mita kama 300. Fupi, lakini ndiyo inayowalevya wazazi.

Kikundi cha watu 12 huanza pamoja kwa vicheko. Baada ya muda vijana wako mbele, akina mama na mtoto wa miaka mitano wako nyuma, na katikati yupo wa miaka tisa ambaye kila upande unaamini yuko na wenzao. Hata kilomita moja haijatimia, njia ya Hi-Cannon inachepuka kuelekea mlima mwingine, njia kali yenye ngazi ya kupandia mwamba. Akiifuata hiyo, hakuna atakayejua mpaka muulizane kule ziwani.

Ndiyo maana mtu mzima mmoja hutangulia, na mwingine hufunga msafara bila kumwacha yeyote nyuma yake. Kwenye njia panda wote husubiriana. Mwenye miguu mifupi awe karibu na kiongozi, mwendo ufuate wake. Waongoza wageni wa Kilimanjaro huwaambia “polepole” kutwa nzima watu wazima wenye viatu vya bei mbaya, sembuse mtoto! Kila mtoto avae filimbi shingoni. Akipotea asitembee tena, akae palepale apulize mara tatu, apumzike, arudie.

Jinzi ziacheni nyumbani, zikilowa hazikauki upesi na mwili hupoa. Bebeni sweta, koti la mvua na tochi. Juni jua huzama karibu saa 2 na nusu usiku, lakini katikati ya Oktoba ni kama saa 12 jioni, na msituni giza huwahi.

Jambo jingine wageni wengi hawalijui: New Hampshire inaweza kumdai gharama za uokoaji aliyeponzwa na uzembe wake. Ipo kadi ya hiari, Hike Safe, dola 25 kwa mtu na 35 kwa familia, inayomwondolea mtu deni hilo, isipokuwa kama alijihatarisha kwa makusudi.

Kabla ya kuondoka, kubalianeni saa ya kugeuka, tuseme saa 8 mchana, hata kama ziwa halijaonekana na watoto wananung'unika. Na wa gari la mwisho asiwashe injini mpaka watoto wote waitwe kwa majina.