Mtandao wa sarafu ukigawanyika, usikimbilie kuhamisha

Juzi kijana mmoja wa mtaani kwetu alinijia na simu mkononi, uso umejaa furaha. Katika kundi lao la mtandaoni ameambiwa kwamba sarafu zake za kidijitali "zimezaa" kwa sababu mtandao umegawanyika, na kwamba akitoa yale maneno 12 ya siri ya pochi yake atasaidiwa kuzihamisha upande wa pili. Nilimwomba aketi kwanza. La sarafu kuzaa lina ukweli ndani yake. La maneno 12 ni wizi mtupu.

Tuanze na huko kuzaa. Sarafu kama Bitcoin haikai ndani ya simu. Imeandikwa katika daftari kubwa liitwalo blokicheni, ambalo nakala zake zimo katika maelfu ya kompyuta duniani. Pochi yako huhifadhi ufunguo tu, yaani uwezo wa kutia sahihi agizo la "toa kwangu, peleka kwa fulani".

Sasa chukulia chama cha akina mama chenye daftari moja. Siku wakikosana, kila upande huchukua nakala na kuendelea kivyake. Aliyekuwa na 5,000 ataonekana na 5,000 katika madaftari yote mawili. Lakini kila daftari litakuwa na bei yake sokoni, na huenda moja lisiwe na thamani yoyote.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Ethereum. Juni 2016 mdukuzi alitumia kasoro katika mfuko ulioitwa The DAO, akachota takriban etha milioni 3.6. Wengi walitaka daftari lirekebishwe ili fedha ziwarudie wenyewe. Wengine walishikilia kwamba kilichoandikwa hakifutwi. Tarehe 20 Julai mwaka huo wakaachana njia: Ethereum huku, Ethereum Classic kule.

Hatari ikaanzia hapo. Kwa kuwa ufunguo ni ule ule, agizo ulilotia sahihi upande mmoja lilikubalika pia upande wa pili. Ukimtumia mtu etha 10 za Ethereum, yeyote angeweza kunakili agizo hilo na kulipeleka kwenye daftari la Classic, na etha zako 10 za huko nazo zikaondoka. Hata baadhi ya masoko ya kubadilishia sarafu yalipoteza mali kwa njia hiyo. Dawa ilikuwa kuupa kila mtandao nambari yake, iandikwe ndani ya agizo. Ethereum iliipokea Novemba 2016, Classic ikafuata Januari 2017. Leo Ethereum ni nambari 1, Classic ni 61.

Bitcoin Cash ilipojitenga na Bitcoin tarehe 1 Agosti 2017, kinga dhidi ya maagizo kurudiwa iliwekwa tangu mwanzo. Lakini anwani za pande zote mbili zilifanana, watu wakawa wanatuma sarafu za huku kwenye anwani ya kule. Ndipo Bitcoin Cash ikabadilisha muundo wa anwani zake mwaka 2018.

Na kuhamisha je? Kwa kweli sarafu haitoki daftari moja ikaingia jingine. Unauza huku ukanunua kule, au unapitia kinachoitwa daraja: sarafu yako inafungiwa upande mmoja, upande wa pili unapewa mfano wa stakabadhi. Madaraja nayo huteleza. Septemba 2022 Ethereum ilipobadilisha mfumo wake na kundi dogo likajitenga, daraja moja halikukagua nambari ya mtandao ipasavyo. Mjanja mmoja alipitisha etha 200 upande mkuu, akarudia ujumbe ule ule upande uliojitenga, akapata 200 nyingine za huko.

Basi ufanyeje mtandao ukigawanyika? Kwanza, tulia. Sarafu si samaki, haziozi zikikaa. Pili, kama umeziweka kwenye soko la kubadilishia, ufunguo ni wao, kwa hiyo soma tangazo lao uone kama watakupa za upande wa pili. Tatu, kama ufunguo ni wako, hakikisha upande mpya una nambari yake. Ikiwa hauna, usimlipe mtu bado. Hamishia sarafu za upande mmoja kwenye anwani yako mwenyewe nyingine, ukianza na kiasi kidogo. Agizo likirudiwa, bado zitaangukia kwako. Pande mbili zikishakaa katika anwani tofauti, hapo uko huru kutumia. Nne, usiingize maneno yako ya siri katika programu mpya ya pochi kabla hujaziondoa sarafu zenye thamani kubwa na kuziweka chini ya ufunguo mwingine.

Pesa ya simu ikienda kwa nambari isiyo yake, walau unaweza kuomba irudishwe. Huku hakuna wa kumpigia. Benki Kuu ya Kenya ilitahadharisha umma kuhusu Bitcoin tangu Desemba 2015.

Yule kijana alifuta ujumbe mbele yangu na kujiondoa katika lile kundi. Sarafu zake zipo, za huku na za kule. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.